Pindo la Kanga

Mjukuu wangu,

Macho yamefifia na mkono unatetemeka, kwa hiyo haya ninayokuandikia kutoka Musoma yasome taratibu ukiwa hapo Bunda. Sidhani kama nitaandika mengine.

Daftari lako nimelisoma mara tatu. Kila ulichoandika kuhusu kifo cha mama yako ni kweli, nami nilikuwepo. Lakini umeandika kama shahidi aliyesimama barazani: saa, tarehe, nani alisema nini. Ndiyo maana kila ukifika wodini kalamu inakwama.

Ukivuka kwa pantoni pale Kisorya unaingia Ukerewe, kisiwa cha mwandishi Aniceti Kitereza. Yeye na mkewe Anna hawakubahatika kubaki na mtoto hata mmoja. Mzee yule hakuandika kilio chake. Katika riwaya yake aliwaumba Myombekere na mkewe Bugonoka, akawarudisha katika Ukerewe ya zamani, akawatwika ule uchungu wa nyumba isiyo na mtoto. Bugonoka anasimangwa na ndugu za mume hadi wazazi wake wanamchukua. Myombekere anakwenda ukweni kumwomba mkewe, anatozwa pombe ya ndizi. Kisha Kitereza akawapa kile alichonyimwa yeye: Ntulanalwo, halafu Bulihwali. Hebu fikiria mkono ule ukiandika majina ya watoto hao! Alikimaliza kitabu hicho kwa Kikerewe mwaka 1945, akakifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikachapishwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki.

Yule jirani wa Butiama uliyemtaja kwa jina daftarini, mtoe. Siri yake si mali yako.

Sasa sikiliza. Katika daftari zima, mahali pamoja tu nililia: pale mama yako, akiwa kitandani, anakunja pindo la kanga, analikunjua, analikunja tena. Mwanangu alikuwa hivyo tangu utotoni, akingoja chochote. Chukua pindo hilo, wodi iache. Mpe mwanamke mwingine, mchuuzi wa dagaa pale Mwigobero, alfajiri, karabai zinarudi moja moja kutoka ziwani na mtumbwi wa mumewe haujaonekana. Dagaa wa jana wako mchangani, hajawageuza. Vidole viko kwenye pindo. Usiseme anaogopa. Na kama unataka mtumbwi ule urudi, urudishe. Hapo hakuna wa kukukatalia.

Daftari nimelifunga ndani ya kanga yenyewe. Mama yako mdogo atakuletea Jumamosi.

Babu yako