Sauti ya Ritungu, Ng'ambo ya Mto Mara

Anayetoka Musoma kwenda Tarime huvuka Mto Mara kwenye daraja la Kirumi, mahali ambapo mto umepunguza mwendo na kujitandaza katika mafunjo kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Ng'ambo ya daraja ni wilaya ya Rorya, iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007. Ukishapita Utegi barabara inaanza kupanda, joto la ziwani linabaki nyuma, migomba inasogea hadi kando ya lami na mibuni inajificha nyuma ya nyumba. Mjini Tarime, saa moja asubuhi, makondakta wamevaa makoti. Mwendo mfupi mbele ni Sirari, kisha Isebania ya Kenya. Mpaka uliochorwa na Wajerumani na Waingereza uliwapita Wakurya katikati, lakini ndani ya magari ya Sirari lugha haibadiliki.

Stendi ya Tarime ina kelele zake. Injili inatoka hotelini, Bongo Fleva inatoka kwenye bodaboda, na kila kondakta anaita abiria kana kwamba wenzake hawapo. Pembeni kuna vibanda vya vijana wanaouza nyimbo kwa kuzihamisha kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye memori kadi ya mteja. Nilimwambia mmoja wao kwamba nataka ritungu. Hakuniuliza la mwimbaji gani. Aliniuliza la ukoo gani: Watimbaru, Wairegi, Wanyabasi, Wakira, Warenchoka? Nilipokosa jibu alicheka, akafungua faili lililoandikwa namba tupu, bila jina la mtu.

Spika yake ilikuwa imechanika na sauti ilitoka inakwaruza. Hata hivyo nilisimama. Nyuzi nzito zilianza peke yake, zikirudia mwendo uleule wa chini, kila wakati zikichelewa kidogo pale ambapo sikio lilizitarajia. Kisha akaingia mwanamume, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza na ng'ombe wake usiku. Hakupaza. Alisema maneno mengi kwa haraka, akanyamaza, akaachia silabi moja ndefu iliyopanda polepole na kukatika kabla haijafika juu. Sijui Kikurya, lakini sikuhitaji kuambiwa kwamba wimbo ule ulihusu mtu aliyeondoka. Nilimuuliza muuzaji anayeimba ni nani. Akasema ni mzee mmoja wa ng'ambo ya Mara, upande wa Serengeti, na kwamba hata yeye hajawahi kumwona.

Kwa asiyelijua, ritungu ni chombo cha nyuzi 8. Mwili wake ni gogo lililochongwa likawa bakuli, likawambwa ngozi. Miti miwili inatoka humo na kubeba mti wa tatu uliolala juu, ambako nyuzi hukazwa. Zamani nyuzi zilikuwa mishipa ya ng'ombe, siku hizi nyingi ni za nailoni. Ukoo wake ni mkubwa kandokando ya ziwa: Wajaluo wana nyatiti na Wakisii wana obokano, navyo vina nyuzi 8. La Wakurya ni zito, na sauti yake hukaa chini. Linavuma kiasi kwamba mtu aliyekaa karibu hulisikia kifuani kabla ya kulisikia masikioni.

Nilikuwa na safari ya Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kwa hiyo mzee huyo alikuwa njiani mwangu. Barabara ya Tarime kwenda Mugumu hupita Nyamongo, na hakuna anayepita Nyamongo bila kugeuza shingo. Mgodi wa dhahabu wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, na tangu 2019 unasimamiwa na Barrick. Vilima vya mawe yaliyochimbuliwa vimepanda juu kuliko nyumba za watu, na mji umeota kuzizunguka kuta za mgodi: maduka ya vifaa vya ujenzi, baa, vituo vya mafuta, vijana waliokaa juu ya pikipiki. Watu wengi wa vijiji hivi wana ndugu aliyepata kazi humo, aliyelipwa fidia ya shamba, au aliyeumia akifuata mawe ya kuokota. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba mgodi umeingia hata kwenye nyimbo.

Baada ya Nyamongo unateremka hadi mtoni. Mara ya hapa siyo ile ya Kirumi. Ina nguvu, ina rangi ya chai ya maziwa, na imetoka mbali, katika msitu wa Mau nchini Kenya, ikapita Maasai Mara, kisha Hifadhi ya Serengeti. Kule juu ndiko nyumbu wanakoruka mtoni mbele ya kamera za dunia nzima. Huku chini mto uleule unanywesha ng'ombe na kufulia nguo, wala hakuna anayeupiga picha.

Ukivuka uko wilaya ya Serengeti. Hapa Wakurya wanaishi na Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wataturu, na ritungu halitambui mipaka ya makabila hayo kwa ukali. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa eneo hili na kuyachapisha mwaka 2003 na 2007, alionyesha jinsi nchi inayoitwa pori tupu ilivyojaa majina ya watu, mahame na mahali pa matambiko. Wazee walikuwa na ramani yao kabla ya hifadhi kutangazwa mwaka 1951. Sehemu ya ramani hiyo imehifadhiwa katika nyimbo.

Mgeni wa Serengeti hupata picha nyingine kabisa. Anaingia kwa lango la Ikoma, analala hotelini, na jioni akiletewa ngoma mara nyingi huletewa shuka jekundu na kuruka juu, kwa sababu Mmasai ndiye aliyechapwa kwenye kadi za posta. Sina ugomvi na Wamasai wala ngoma yao. Ninachosema ni kwamba mtu anaweza kutumia dola nyingi kwenye ukingo wa magharibi wa hifadhi na kurudi kwao bila kusikia hata sauti moja ya watu wa ukingo huo.

Mzee nilimpata jioni, katika mji mmoja mwendo wa pikipiki kutoka Mugumu, ambako mahari ya binti ilikuwa imekubaliwa na ng'ombe wamekwishahesabiwa. Dereva wangu wa bodaboda aliingia kwa salamu za "mang'ana" kwa kila mtu, akamwendea mwenye mji, akamwita tata, yaani baba, akaeleza kwamba mgeni wake amekuja kusikiliza. Nilipewa kigoda na sahani ya nyama iliyotiwa kichuri, maji machungu ya utumbo wa mnyama. Uchungu wa kichuri ni wa kuzoea, na waliokaa nami walinitazama mpaka nilipomeza tonge la pili. Baada ya hapo nikawa mtu wa nyumbani, nikaitwa mura kama vijana wengine, ingawa mvi zangu hazijifichi.

Mzee alikuwa mdogo wa umbo, na ritungu lake lilikaribia kumficha. Alianza bila kutangaza. Watu waliendelea kuzungumza, watoto waliendelea kukimbizana, naye akaendelea na nyuzi zake za chini kana kwamba yuko peke yake. Kisha akataja jina. Mwanamke mmoja aliyekuwa akigawa ugali wa mtama akasimama. Akataja jina jingine, na mzee wa upande wa pili akaitika kwa mguno. Hivyo ndivyo alivyoukusanya umma, mtu mmoja mmoja, kwa kumwita marehemu wa kila nyumba. Alipomaliza kuwaita hapakuwa na mtu anayezungumza.

Dereva alinitafsiria kwa kunong'ona. Wimbo wa kwanza ulimhusu fahali aliyeporwa katika vita vya koo na kurudi mwenyewe usiku, akiwa na jeraha. Wa pili ulimhusu askari. Wakurya wengi walichukuliwa katika KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakati wa mkoloni, na wengi wameingia jeshini baada ya uhuru. Wa tatu ndio niliousikia stendi. Ulimhusu kijana wa Nyamongo aliyemuaga mama yake asubuhi, akaahidi kurudi na kilo ya sukari. Mwimbaji hakusema kilichompata. Alirudia tu swali la mama kuhusu sukari, kila mara akilishusha sauti zaidi, mpaka likabaki ritungu peke yake likiuliza.

Baada ya wimbo huo mambo yalibadilika haraka, kama inavyostahili kwenye sherehe. Wanawake wakaingia uwanjani, mabega yakaanza kutikisika, njuga zikalia miguuni. Watu wakamtunza mzee kwa noti, na kila aliyetunza alitaka ukoo wake utajwe. Alitaja kwa utani, akimsifu huyu na kumchokoza yule kwa madeni yake. Nilichokiona ni gazeti, baraza na kumbukumbu ya vizazi, vyote mikononi mwa mtu mmoja aliyekaa kwenye kigoda.

Sitaki msomaji adhani kila kinachoimbwa kwa ritungu ni cha kupendeza. Chombo hiki kimepigwa miaka mingi kwenye saro, sherehe za tohara, na katika nchi hii saro imekuwa pia ya mabinti. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini kila ifikapo Desemba mabinti hukimbilia kituo cha Masanga huko Tarime na nyumba salama ya Mugumu. Wanapokimbia, nyimbo za saro ni sehemu ya kile wanachokikimbia. Nilimuuliza mzee juu ya hilo. Alijibu kwamba mwimbaji huitwa na wenye mji, na kwamba siku hizi akiitwa kwa ajili ya mabinti haendi, kwa sababu mjukuu wake mmoja alikataa na yeye alisimama upande wake. Hakujisifu. Aliongeza kwamba zipo nyimbo alizoziacha na hatamfundisha mtu. Hiyo nayo ni kazi ya mwimbaji, kuchagua kipi kifie kwake.

Nilipotaka kuandika jina lake alikataa. Alisema nyimbo zake zinauzwa Tarime, Mugumu na hadi Kehancha nchini Kenya, zimerekodiwa na vijana kwa simu kwenye sherehe kama hii, naye hajaona hata shilingi. Wanawe hawajakubaliana nani azisimamie. Jina likiandikwa kabla ya hapo, alisema, litawasaidia wauzaji. Sikuwa na la kumjibu. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi na inazungumzia pia sanaa za jadi, lakini kati ya sheria hiyo na kibanda cha memori kadi kuna umbali mrefu kuliko barabara ya Mugumu.

Yapo mambo yaliyowahi kwenda vizuri zaidi. Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 2003, alifika kwenye majukwaa ya Ulaya akiwa na ilimba na zeze. Ayub Ogada wa Kenya alichukua nyatiti, ndugu wa ritungu, na wimbo wake Kothbiro ukasikika katika filamu ya The Constant Gardener ya mwaka 2005. Lakini kaskazini ya Wakurya, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi wasichana wa Kikipsigis wakiimba Chemirocha, wimbo uliozaliwa na jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Kimarekani waliyemsikia kwenye santuri. Rekodi ilikwenda Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 ikapita kabla nakala hazijarudishwa kwa watu wenyewe. Kurekodi peke yake, basi, hakutoshi. Lazima kuwe na njia ya kurudi.

Kwa hiyo nisimwite mzee huyu mwimbaji asiyejulikana. Vijiji vya kutosha vinamjua, na vinajua jina la fahali wake na la askari wake. Asiyejulikana kule ni sisi tunaopita kwa gari tukitazama swala. Redio Tanzania Dar es Salaam iliwahi kutuma mafundi wake mikoani na kurudi na kanda za ngoma ambazo leo ni hazina ya TBC. Halmashauri za Tarime na Serengeti zinaweza kufanya kazi hiyo kwa vifaa vidogo zaidi na gharama ndogo zaidi, kwa sharti moja: kila wimbo uandikwe mwenye nao kwa namna anayoitaka yeye, na malipo yamfikie. Wenye hoteli za ukingo wa hifadhi nao waulize jirani zao wanaimba nini kabla ya kuagiza ngoma ya mbali. Nawe msomaji, ukipita stendi ya Tarime ukanunua ritungu, muulize muuzaji anayeimba ni nani na anaishi wapi. Akikosa jibu, nenda ukamtafute, na umtunze mwenyewe kwa mkono wako.