Usukani Ndani ya Mkondo

Neno usukani lilikuwa mali ya baharini kabla halijawa la barabarani. Lilikuwa jina la ubao ule wa shetri unaokipa chombo uelekeo, na nahodha aliyezoea hutambua kwa kiganja, kabla ya macho, kwamba chombo kimeingia mkondoni na sasa yuko mwengine anayeongoza pamoja naye. Magari yalipokuja, neno likapandishwa bara bila ya kubadilishwa hata herufi. Asilolitazamia mtu ni kwamba mkondo nao ungelifuata.

Umelifuata hadi Morogoro. Katika barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia, mahali kwa mahali, lami imedidimia kwa mistari miwili iendayo sambamba, na kingo zake zimevimba kama matuta ya shamba. Chanzo chake si siri. Lami hulainika kwa jua. Lori kubwa, ambalo sheria huliruhusu kufikia tani 56 pamoja na mzigo wake, likipita polepole mlimani au karibu na mizani, hukaa juu ya lami hiyo laini muda mrefu zaidi, na kila lipitapo huisukuma kidogo pembeni. Mizani hapa ni ya kupimia malori, si ile ya watunzi, ijapokuwa ubaya wa kuizidisha ni mmoja kote kuwili.

Kijana mmoja wa mji huo, mwalimu wa sekondari, alinunua Subaru Impreza iliyokwishatumika Japani na kupita kwa mwenyeji mwengine kabla yake. Mwenyeji huyo alilipamba: alikata springi ili gari liiname, akalivika rimu za inchi 18 zilizotokeza nje ya mabawa, na tairi pana zenye ubavu mfupi. Katika lami iliyonyooka, njia ya Mzumbe kunapokucha, gari lilishika barabara kama lililoshonewa. Mwalimu alilipenda, na hakuna haja ya kumwombea radhi kwa hilo; wazee wa pwani walizipenda ngalawa zao za mashindano kwa mapenzi hayo hayo.

Shida ilikuwa safari ya Muhimbili. Mama yake ana maradhi ya moyo, na kila baada ya miezi mitatu mwalimu humpeleka kliniki Dar es Salaam, masafa yanayokaribia kilomita 200. Kulipita lori kulimaanisha kutoka mkondoni na kuupanda ukingo. Gari lilikataa, kisha likakubali kwa ghafla kuliko alivyoomba, ilhali taa za basi zilikwishatokeza mbele. Siku moja, baada ya Chalinze, mama aliachilia mpini wa mlango na kusema, "Mwanangu, safari ijayo mimi nitapanda treni. Ile ina reli zake kweli."

Alisema haki. Tangu Juni 2024 treni ya umeme hubeba abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro, na haimwombi mtu ujasiri. Lakini mwalimu hana saa nyengine za kukaa na mama yake ila zile za njiani, na katika nyumba yenye wajukuu watano hakuna pa kuzungumzia.

Mama naye ana hesabu yake na barabara. Ujana wake aliucheza kwa nyimbo za Morogoro, na katika Morogoro gari limechukua wengi wanaokumbukwa. Salum Abdallah wa Cuban Marimba alikufa kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mbaraka Mwinshehe, aliyetoka Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano, alikufa kwa ajali huko Mombasa Januari 1979. Waziri Mkuu Edward Sokoine alifia Dakawa, nje ya mji, tarehe 12 Aprili 1984, na chuo kikuu cha kilimo chini ya milima kina jina lake. Hapana adaiye kwamba mikondo ya lami ndiyo iliyowaua. Ila mtu aliyewalia hao wote, akiona usukani unacheza mkononi mwa mwanawe, haoni jambo la fundi.

Aliyelirudisha kwa fundi ni mjomba mtu, na kwa Waluguru, wanaofuata ukoo wa mama, neno la mjomba lina uzito wake. Mzee huyu wa Matombo aliendesha malori ya Zambia miaka ya sabini. Alilizunguka gari, akalisukuma bega kwa goti. "Mpwa wangu," akasema, "gari halina kosa. Umelivisha viatu vya harusini ukalipeleka shamba."

Ndivyo ilivyo. Tairi lililoandikwa 225/40 R18 lina upana wa milimita 225, na ubavu wa asilimia 40 ya upana huo, yaani milimita 90. Lile la 205/55 R16 lina ubavu wa milimita 113 hivi. Likikanyaga ukingo wa mkondo, tairi pana na gumu hubebwa na bega moja. Nguvu ya lami haiji tena katikati bali pembeni, ikaligeuza gurudumu kabla dereva hajaamua. Lile jembamba hukunjika na kuimeza tofauti hiyo. Na rimu iliyotokeza nje huupa kila ukingo wenzo mrefu zaidi wa kuuvuta usukani. Masika yakija juu ya Uluguru, mkondo hujaa maji, na tairi pana huelea upesi kuliko jembamba. Tairi za mwalimu, tena, zilikuwa na tarakimu nne ubavuni, 2314, maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014: mpira uliokwisha kukauka.

Mjomba alikataza gari lisipelekwe alaimenti kwanza. Kupima pembe juu ya bushi zilizolegea ni kupima kitambaa kinachopeperuka. Zikabadilishwa bushi za wishiboni, boli jointi moja na ncha zote mbili za tai rodi. Springi zilizokatwa zikatolewa, zikarudi za kimo cha kiwandani pamoja na shokapu zake. Ndipo likapimwa. Magurudumu ya mbele yalikutwa yanapeana mgongo, nayo yakipeana mgongo kila moja hutafuta njia yake na gari huwa na wasiwasi. Yakawekwa yakabiliane kwa mbele, kidogo mno. Yalikuwa pia yameinamia ndani kwa juu, kwa sababu ya kushushwa gari, yakasimamishwa. Pembe ya tatu, ile inayofanana na mwinamo wa uma wa baiskeli, na ndiyo imwezeshayo mpandaji kuachia mikono, katika gari hili haina skrubu ya kuirekebisha; ilijirudi yenyewe bushi mpya zilipoingia. Upepo ukapimwa alfajiri, tairi zikiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko cha mlangoni.

Kilichobaki ni rimu, na hapo mwalimu alisita juma zima. Pesa alikuwa nazo. Ni sura ya gari aliyoihofia. Hatimaye alinunua za inchi 16 na kuwauzia vijana wa Kihonda zile za zamani, akiwaeleza mambo yote haya, nao wakamsikiliza kwa adabu huku macho yao yako kwenye rimu.

Mkondo bado unavuta. Hakuna marekebisho yanayoisawazisha lami, na mwalimu sasa huendesha akikanyaga kando kidogo ya mistari inapowezekana. Lakini gari likiombwa kutoka hutoka, kwa kiasi kile kile liliombwacho. Mama alikubali nusu: kwenda Muhimbili atapanda treni, kwa kuwa huko mtu huenda na hofu ya majibu na hataki hofu mbili, kurudi atarudi na mwanawe. Basi mwalimu hutangulia na gari tupu usiku wa manane, humpokea stesheni, na jioni hurudi pamoja, yeye akiendesha na mama akisimulia, mpaka baada ya Mikese milima inapoanza kuonekana mkono wa kushoto.