Safari Tatu za Mji wa Zanzibar

Sisi watu wa shamba tukisema tumekwenda mjini, mara nyingi tuna maana kuwa tumekwenda kwa haja. Tumekwenda hospitali, au kuuza mazao, au kwenye msiba. Haja ikiisha, tunarudi. Ni wachache wanaokwenda mjini, mume na mke, ili kuutazama mji wenyewe na kula chakula chake.

Mimi na mke wangu tumefanya hivyo mara 3 katika mji wa Zanzibar. Tulikwenda mwaka 2009, mwaka 2014 na mwaka 2022. Mji ulikuwa ule ule. Lakini kila safari tuliona mambo ambayo safari ya kwanza hatukuyaona. Na jumba moja tuliloingia safari ya kwanza, safari ya tatu tulikuta sehemu yake imeanguka.

Sisi ni wakulima wa mpunga na mahindi katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Binti yetu ameolewa Unguja. Alipopata mtoto wa kwanza, mama yake alitaka kwenda kumwona mjukuu. Nami nikasema, kama ni kwenda, twende wote. Tuliuza magunia ya mpunga, tukaweka nauli kando kabla ya kugusa fedha nyingine.

Njiani

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam basi huchukua siku nzima. Hapo unapumzika, kisha unakwenda bandarini kukata tiketi ya boti. Chukua kitambulisho chako, maana utaulizwa. Boti ziendazo kasi huvuka kwa muda wa saa 2 hivi.

Bahari ikichafuka, kaa sehemu ya nyuma ya boti. Huko mtikisiko ni mdogo kuliko mbele. Mke wangu alikaa mbele ili aone vizuri, naye aliona vizuri kwa nusu saa tu. Baada ya hapo aliona mfuko wa kutapikia. Safari zilizofuata tulikaa nyuma.

Mji wa mawe

Sehemu ya zamani ya mji huitwa Mji Mkongwe. Nyumba zake ni za ghorofa, nazo zimesongamana. Vichochoro ni vyembamba. Gari haipiti humo, ila baiskeli na pikipiki hupita, na mtu huna budi kujibana ukutani. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliuingiza mji huu katika orodha ya urithi wa dunia.

Mimi nimewahi kujenga nyumba 2 kwa mikono yangu. Kwa hiyo nilitazama jinsi nyumba hizi zilivyojengwa. Kuta ni za mawe ya matumbawe, yaani mawe yatokanayo na bahari. Mawe hayo yameshikizwa kwa chokaa na udongo. Juu yamelazwa maboriti. Boriti ni mti wa mkoko, ule uotao pwani kwenye tope la maji ya chumvi. Ni mti mgumu sana, lakini haunyooki kwa urefu mkubwa. Basi fundi hawezi kufanya chumba kipana kuliko boriti yake. Ndiyo sababu vyumba vingi vya Mji Mkongwe ni virefu lakini vyembamba. Nilimweleza mke wangu jambo hili mara nyingi, hata akaniambia niwaachie watu wengine nafasi ya kusema.

Yeye alipenda milango. Milango ya Zanzibar ni mizito, imechongwa maua na minyororo, na mingine ina misumari mikubwa ya shaba. Nje ya nyumba kuna baraza za mawe. Watu hukaa hapo jioni, hunywa kahawa chungu katika vikombe vidogo, hucheza bao na dhumna. Ukipita, toa salamu. Mtu asiyetoa salamu Unguja huonekana hakulelewa.

Tena jambo hili linatuhusu sisi tunaosoma. Kiswahili sanifu, ndicho hiki unachokisoma sasa, kilijengwa juu ya Kiunguja, yaani Kiswahili cha mji huu. Tulipokuwa tukiwasikia watoto wakigombana vichochoroni, tulisikia maneno ya vitabuni yakitoka vinywani mwao bila taabu.

Safari ya kwanza tuliingia katika Beit el Ajaib. Hilo ndilo jumba kubwa kuliko yote ya zamani, nalo linatazama bahari. Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883. Lina nguzo ndefu za chuma na baraza pana kila ghorofa. Inasemekana lilikuwa jumba la kwanza Afrika Mashariki kuwa na taa za umeme. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga mizinga kando yake kwa muda usiotimia saa moja, nalo likabaki limesimama.

Wakati ule lilikuwa jumba la makumbusho. Katikati ya ukumbi uliwekwa mtepe. Mtepe ni jahazi la kale la watu wa pwani. Mbao zake hazikupigwa msumari hata mmoja. Zimeshonwa kwa kamba za nazi, kama vile mtu anavyoshona mkeka. Mke wangu ni msusi wa mikeka. Aliuzunguka mtepe ule mara 3, akifuata mshono kwa macho, mpaka mlinzi akaja kumwuliza kama amepoteza kitu.

Mahali alipokataa kuingia

Karibu na soko la Darajani, mtaa wa Mkunazini, lipo kanisa kubwa la Waanglikana. Lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko hilo lilifungwa mwaka 1873, baada ya Sultani Barghash kutia sahihi mkataba na Waingereza. Ujenzi wa kanisa ulianza mwaka huo huo. Aliyeusimamia ni Askofu Edward Steere, ambaye pia aliandika na kuchapa vitabu vya Kiswahili. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Huko Zanzibar sheria ya kuuondoa ilitoka mwaka 1897. Kwetu bara ilikuja mwaka 1922.

Mwaka 2009 tulifika mpaka langoni. Mke wangu akasimama. Akasema, "Mzee, hapa mimi siingii."

Sikumlazimisha. Bibi yake mzaa mama alikuwa akiwasimulia habari za shangazi yake mmoja, ambaye yeye mwenyewe hakuwahi kumwona. Binti yule alikwenda kuchota maji, hakurudi. Mtungi ulikutwa kisimani. Siku zile misafara ya watumwa ilitoka upande wa Ziwa Nyasa, ikapita nchi yetu, ikashuka kwa miguu mpaka Kilwa Kivinje. Kutoka hapo watu walipakiwa majahazini, na wengi wao waliletwa Unguja. Kama binti yule alifika, au alifia njiani, ukoo haukupata kujua.

Kwa miaka 5 hatukulizungumza jambo hilo. Mwaka 2014 tulirudi kwa mjukuu wa pili. Asubuhi ya siku ya tatu mke wangu alivaa khanga zake mpya, akaniambia, "Leo twende Mkunazini."

Nje ya kanisa pana shimo lililojengwa kwa mawe. Ndani yake zimesimama sanamu 5 za watu, wanaume na wanawake. Zimezama shimoni kiasi kwamba wewe unazitazama kwa juu, kama mnunuzi. Shingoni zimefungwa mnyororo wa kweli. Mchongaji wake ni Clara Sörnäs wa Sweden. Ndani ya kanisa, mbele ya madhabahu, pana alama ya mviringo. Inasemekana hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watumwa.

Huonyeshwa pia vyumba vya chini, vya giza, katika nyumba ya jirani. Watembezaji husema watumwa walifungiwa humo. Wanahistoria wengine hawakubali, kwa kuwa nyumba ile ilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa. Mimi naona hata bila vyumba vile, ule mnyororo unatosha.

Mke wangu alikaa kando ya shimo muda mrefu. Alimwuliza kijana aliyekuwa akitutembeza, "Majina yao yameandikwa wapi?" Kijana akajibu kwa adabu, "Hayakuandikwa, bibi." Basi mke wangu akainama kidogo, akalitaja jina la shangazi yule. Alilitaja mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu amwitaye mwenzake aliye chumba cha pili. Kisha akainuka, akafunga khanga yake vizuri, akasema ana njaa.

Chakula

Kutoka kanisani hadi Darajani ni mwendo mfupi. Soko hili lilijengwa mwaka 1904. Zamani mkono wa bahari uliingia hapo na palikuwa na daraja, ndipo pakapata jina. Siku hizi maji hakuna, pamefukiwa, jina limebaki. Utaona pweza, papa, changu, jodari, na marundo ya karafuu, mdalasini na iliki. Karafuu nyingi hutoka Pemba.

Palipo na khanga pana jambo la kufurahisha kwa mtu ajuaye kusoma. Kila khanga ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa chini. Yasome kwanza ndipo ununue. Mke wangu alichagua moja kwa rangi yake nzuri, akasoma maneno, akairudisha haraka. Yalikuwa maneno ya kumpiga kijembe mke mwenza. Muuzaji alicheka, nami nikatazama upande mwingine.

Jioni nenda Forodhani, bustani iliyo ufukoni mbele ya Beit el Ajaib. Ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, ndiyo kwanza tulipofika. Jua likizama, wapishi hupanga meza na kuwasha taa. Kuna mishikaki, samaki wa kuchoma, na juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Uliza bei kabla ya kunyoosha mkono. Uliza pia samaki amevuliwa lini, na kama jibu linachelewa, nenda meza nyingine. Na ukifika mwezi wa Ramadhani, usile wala kunywa barabarani mchana. Subiri jua litue, utakula vizuri kuliko miezi yote.

Lakini chakula tulichokipenda ni urojo. Ni mchuzi mzito wa rangi ya manjano, wenye uchachu wa embe mbichi au ukwaju. Ndani hutiwa viazi vya kuchemsha, bajia, kachori na vipande vya mishikaki. Juu hunyunyizwa chipsi za muhogo, chatne ya nazi na pilipili. Siku ya kwanza mke wangu aliutazama kwa mashaka. Alisema kwao vitu hivi huliwa kimoja kimoja. Mama muuzaji akamwambia, "Onja tu, bibi. Usipoupenda, bakuli nitalimaliza mimi." Hakuna aliyelimaliza isipokuwa yeye mwenyewe.

Safari ya pili alikaa na mama wa mkwe wetu jikoni, akajifunza. Unga wa ngano kidogo hukorogwa na maji baridi, usifanye madonge. Embe mbichi huchemshwa na kupondwa. Hutiwa binzari, chumvi na ndimu, kisha hukorogwa motoni bila kuacha mpaka mchuzi uwe mzito. Kijijini kwetu maembe huanguka na kuoza chini ya miti kila msimu. Sasa ya kwetu hayaozi. Huuza urojo siku ya gulio, na muhogo nao haukosi mahali pa kwenda.

Mwaka 2022

Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa katika kazi ya kulitengeneza jumba, upande mmoja wa Beit el Ajaib ulianguka pamoja na mnara wa saa. Watu 2 walifariki. Sisi tulisikia habari hizo kwenye redio. Mke wangu aliniuliza swali moja tu, "Na mtepe?"

Tulipofika mwaka 2022, jumba lilikuwa limezungushiwa mabati. Mimi najua kidogo habari za kuta. Jiwe la matumbawe na chokaa hudumu miaka mingi, lakini adui yake ni maji. Paa likivuja, au lipu ikibanduka isizibwe, maji hupenya, chokaa hulegea, na mwisho wa boriti ulio ndani ya ukuta huoza. Kwa nje huoni kitu. Ni kama nyumba zetu za udongo, tofauti ni kwamba nyumba yetu ikianguka tunaijenga tena kwa mwezi mmoja.

Usiku ule tulikula Forodhani na mjukuu wetu mkubwa. Alikuwa na miaka 13. Alizaliwa na kukulia katika mji huu, wala hakuwahi kuingia Beit el Ajaib. Lilifungwa angali mdogo. Bibi yake akamweleza habari za jahazi lililoshonwa kwa kamba. Kijana hakuamini. Alisema maji yangeingia. Basi bibi akachukua majani 2 ya mti, akatoboa kwa kijiti cha mshikaki, akamwonyesha jinsi mshono unavyobana, na mahali ambapo nyuzi za nazi hujazwa ili zivimbe zikipata maji.

Kisha akageuka kutazama Ngome Kongwe, iliyo jirani na jumba lile. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwaka 1698. Tulikuwa tumepita mbele ya lango lake safari zote 3, tukienda kula. Akaniuliza, "Mzee, hii tumewahi kuingia?" Nikasema bado. Akamwambia mjukuu asilale sana, maana kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda bandarini, atatupeleka.