Kununua Valvu Kuukuu Isipingo



Isipingo ni mji mdogo ulio kusini mwa Durban, mwendo wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji. Jina lake latokana na mti wa miiba ambao kwa Kizulu huitwa isiphingo. Upande wa bahari mto unaingia kati ya mikoko. Upande wa bara ipo stesheni ya reli, na maduka yaliyobanana. Serikali ya wakati huo, kwa sheria ya 1950 ya kutenga makazi kwa rangi za watu, iliutenga mji huu kwa Wahindi, na miongoni mwao Waislamu ni wengi. Kwa hiyo sisi watu wa pwani hatukujiona wageni pale: adhana twaijua, na harufu ya bizari twaijua.

Safari yetu ilikuwa ya kutafuta valvu. Vijana huenda wasilijue neno hilo. Kabla ya transista kuenea, redio ilitumia vichupa vya kioo vilivyotolewa hewa, na ndani yake mna uzi upashwao moto na umeme hata ukang'aa. Mzee mmoja katika jamaa zetu anayo redio ya namna hiyo, yenye gramafoni ndani yake, aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Anazo santuri za Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay kurekodi mwaka 1928. Valvu ya kutoa sauti, aina ya EL84, ilikuwa imekufa, na wajukuu wake waliozaliwa ugenini hawajapata kuisikia sauti hiyo. Umri wa mzee umekwenda, nasi hatukupenda jambo hili liakhirishwe.

Tulielekezwa kwa fundi mkongwe. Itakumbukwa kwamba Aprili 2022 mafuriko makubwa yaliikumba Durban; maji yaliingia Isipingo na Prospecton ya jirani, hata kiwanda cha Toyota kikasimamisha kazi kwa miezi. Akiba ya fundi huyu nayo ilifikiwa na maji. Alituwekea valvu mafungu mawili mezani, na kabla hatujauliza akasema: "Hizi hazikuguswa na maji, na hizi ziliguswa."

Anayetaka kununua valvu kuukuu na azingatie haya. Kwanza, atazame doa la rangi ya fedha ndani ya kioo. Likiwa limegeuka jeupe kama maziwa, hewa imeingia na valvu imekufa. Pili, asilitegemee jina lililochapwa kwa rangi, kwani hufutika, na mjanja aweza kuchapa jina la thamani zaidi. Hata viwanda vyenyewe viliuziana valvu na kuzitia majina yao. Atafute alama ndogo iliyochorwa katika kioo karibu na miguu. Kwa valvu za Mullard zilizotengenezwa Blackburn, Uingereza, mstari wa pili wa alama hiyo huanza kwa herufi B. Tatu, aombe ipimwe kwa mashine mbele ya macho yake kabla ya kulipa. Na kazi ya kuitia redioni amwachie fundi, kwa maana umeme uliomo ni wa volti mia kadhaa, na huweza kubakia hata baada ya waya kuchomolewa.

Tulichagua moja katika fungu lililoguswa na maji. Kioo kilikuwa kizima, miguu yake tisa ilikuwa na kutu kidogo tu, na mashine ilionyesha kuwa ingali na nguvu. Bei ilipunguzwa kwa ajili ya aibu ile. Tulikumbuka hadithi ya Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika lundo la chakula sokoni, akakuta unyevu chini, akamkanya muuzaji kwa kutouweka juu watu wauone. Valvu ni bidhaa ambayo mnunuzi hawezi kuijua kwa macho peke yake. Basi bila ya ukweli wa muuzaji, biashara yake haiwi mbali na kamari.

Valvu mpya za aina hiyo zingali zikitengenezwa Slovakia na China, na asiyeweza kusafiri aweza kuziagiza. Ile ya Isipingo imetiwa mahali pake. Jumamosi iliyofuata wajukuu walikaa sakafuni, wakamsikia Siti, na babu yao akawaeleza maneno wasiyoyafahamu, moja baada ya moja.

Wabillahi tawfiq.