Safari ya Pwani Kame Hupangwa Kabla ya Kuwasha Motokaa

Watu wengi wakisikia neno safari hufikiri juu ya siku ya kuondoka: mizigo imekwisha fungwa, watoto wamevaa nguo safi, na motokaa yanguruma mlangoni. Lakini waliopita nchi zisizo na maji wajua kwamba safari huanza siku nyingi kabla ya hapo, mezani, kwa kalamu na karatasi. Jambo hili lilidhihirika katika nyumba moja ya mji wa Maskati, nchi ya Omani. Kiswahili husemwa sebuleni na jikoni mwa nyumba hiyo kama kisemwavyo Unguja, maana watu wake ni miongoni mwa jamaa wengi wenye asili ya Omani waliohama Afrika ya Mashariki baada ya mapinduzi ya Unguja ya mwaka 1964, na hasa baada ya mwaka 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala.

Mwenye nyumba ni mtu wa makamo, kazi yake ni kuandika hesabu. Nia yake ilikuwa kuwachukua mkewe, watoto wake wawili na mama yake mzazi kwenda Salalah wakati wa likizo ya kiangazi. Nia hiyo si ngeni. Kila mwaka, baina ya tarehe 21 Juni na 21 Septemba, watu kwa maelfu huikimbia joto ya Maskati, ambayo hupita digrii 40, waende kutuliza macho yao kwa majani mabichi ya milima ya Dhofar.

Sababu ya ubichi huo haitakuwa ngumu kwa mtu aliyekaa Mombasa au Lamu, kwani ni kazi ya kusi. Upepo ule ule uwasaidiao mabaharia wa pwani yetu hupanda kaskazini ukafika Arabuni. Huko huyasukuma maji ya juu ya bahari yaende mbali na nchi kavu, na maji baridi ya chini yakapanda kushika mahali pake. Upepo wenye unyevu upitapo juu ya maji hayo ya baridi hugeuka ukungu, na ukungu ukigonga milima ya Dhofar huwa manyunyu. Basi kipande kidogo cha nchi huota majani, na upande wake wa bara ni jangwa.

Njia za kufikia huko ni mbili. Ya kwanza yapita bara, kwa Nizwa, Adam, Haima na Thumrait. Ni lami iliyonyoka, yapata kilomita 1,000. Ya pili yafuata bahari: Sur, Ras al Hadd, Al Ashkharah, Mahout, Duqm, Shuwaymiyah, Hasik na Mirbat. Hiyo yazidi kilomita 1,100. Mkono wa kushoto wa msafiri ni bahari, mkono wa kulia ni mchanga na mawe, na kati ya mji na mji mtu aweza kwenda muda mrefu asione ila ngamia na ndege wa pwani.

Bwana huyo alichagua ya pili, na sababu yake ilikuwa mama yake. Babake mama alikuwa baharia wa Sur. Majahazi ya Sur yalikuwa yakileta tende na papa mkavu Unguja, yakirudi na boriti za mikoko za kuezekea nyumba za Arabuni. Tangu utotoni bibi huyo alisikia majina ya rasi na visiwa vya njia hiyo, lakini hakupata kuviona hata kimoja. Sasa umri wake umepita miaka 80.

Mpango wa kwanza ulimalizika jioni moja. Siku tatu, kilomita 400 hivi kila siku, na majina ya nyumba za kulala wageni. Mwana akaingia kwa mama yake na karatasi mkononi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nisomee.”

Akasoma mpaka mwisho. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza mambo matatu: “Maji yako wapi? Kivuli kiko wapi? Na mkichelewa, ni nani atakayejua kwamba mmechelewa?”

Karatasi haikuwa na jibu hata la swali moja. Ilieleza urefu wa njia, lakini haikueleza njia yenyewe.

Wala si jambo jipya kwa pwani ile kumdanganya mgeni. Katika karne ya 14 msafiri mashuhuri Ibn Battuta, baada ya kuzuru Mombasa na Kilwa, alipita bahari ya Omani. Chombo chake kilipotia nanga Sur, aliuona mji wa Qalhat, akadhani ni karibu. Akashuka kwenda kwa miguu pamoja na mwenzake, na kiongozi wa kukodi. Kiongozi yule alikuwa na nia mbaya, njia ikawa ndefu, kiu ikawashika, na usiku ukawakuta nje. Alipofika Qalhat miguu ilikuwa imevimba vibaya. Mwendo wenyewe ni kilomita 20 na kitu tu! Yeye alikuwa mtu aliyezunguka nchi nyingi, na macho yake yalimdanganya. Je, mwenye kuangalia ramani mezani?

Kwa hiyo mwana akaenda kuuliza. Kuuliza si ujinga. Alimtafuta dereva mmoja wa Sur achukuaye samaki toka vijiji vya wavuvi, mtu aijuaye njia kwa mchana na kwa usiku, naye akamfundisha mambo matano.

Jambo la kwanza ni ardhi ya chumvi. Karibu na Barr al Hikman ziko nyanda pana zionekanazo kavu na ngumu kama sakafu, kumbe chini yake ni tope. Motokaa ikiacha njia hapo huzama mpaka tumboni, na kuitoa ni kazi ya siku nzima. La pili ni mchanga. Wakati wa kusi upepo huusukuma juu ya lami, na dereva mwenye mbio hukuta kilima mahali palipokuwa na barabara jana. La tatu ni ngamia, ambaye usiku haonekani mpaka amekwisha kuwa mbele ya taa; miguu yake ni mirefu, na akigongwa mwili huangukia kioo. La nne ni petroli, ambayo haiuzwi kila mahali, na pengine iuzwapo imekwisha. La tano ni bahari yenyewe. Kusi likiwa kali mawimbi huvuta watu toka mwambani, na wanaokwenda kutazama ndio wanaochukuliwa.

Baada ya hapo mpango uliandikwa upya, na safari hii kalamu haikuenda mbio. Maji yakahesabiwa lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu 5 kwa siku 2 za kukwama ni lita 50, nazo haziguswi ila kwa dharura. Petroli ikawekewa sheria: tangi lisishuke chini ya nusu bila ya kujazwa panapouzwa, kwa sababu aendaye Salalah huenda akiukabili upepo, na hesabu ya siku ya shwari haifai. Magurudumu ya akiba yakawa mawili. Zikaongezwa sepetu, kamba ya kuvutia, mbao mbili za kuwekea jeki juu ya mchanga, na pampu, maana dereva aingiapo mchangani hupunguza upepo wa magurudumu, na akitoka hana budi kuurudisha.

Juu ya swali la kivuli, saa za kwenda zikabadilishwa. Wataondoka baada ya sala ya alfajiri kukipambazuka, watapumzika jua likiwa kali, watamalizia alasiri, na jua likichwa motokaa haitembei tena. Siku tatu zikawa tano.

Juu ya swali la tatu, nakala ya mpango ikaandikwa kwa ajili ya ndugu yake atakayebaki Maskati. Ndani yake zimo saa za kuondoka na kufika kila kituo. Simu za mkononi hukosa mawimbi katika sehemu nyingi za njia ile, hivyo atapigiwa kila jioni toka mji wenye mawimbi. Saa tatu za usiku zikipita bila ya habari, ataarifu polisi. Hataambiwa angoje kidogo, wala hatadhani tu kwamba wamechoka wamelala.

Likabaki jambo zito kuliko yote, nalo ni mama mwenyewe. Mwana alitaka apande ndege mpaka Salalah, ambayo ni safari fupi, awangoje huko kwa raha. Alilisema hilo kwa adabu na kwa mapenzi. Mama akamjibu pole pole:

“Mwanangu, Salalah mimi sina haja nayo. Haja yangu ni njia.”

Hapo ndipo panapoonekana ugumu wa kupanga safari ya watu. Hesabu ya maji na petroli yaweza kukamilika, bali haimwambii mtu kama ni haki kumzuia mzee asione kile alichokisubiri maisha yake yote, au kama ni haki kumpeleka penye hatari. Jamaa waliulizwa. Wengine walisema aende, wengine walisema mwana atajuta. Daktari akampima, akaruhusu kwa masharti ya dawa, maji na mapumziko.

Mwisho mama mwenyewe ndiye aliyetoa shauri. Alisema kwamba babake hakusafiri kusi likikomaa. Majahazi yalifungwa bandarini mpaka upepo upungue. “Nasi tungoje,” akasema. Basi siku ya kuondoka ikasogezwa mpaka nusu ya pili ya Agosti, kabla shule hazijafunguliwa, wakati bahari ianzapo kutulia na milima ingali mibichi. Tena ikakubaliwa kwamba Duqm ndiyo mpaka wa kufikiri. Pale pana uwanja wa ndege, na pana lami iendayo Haima kukutana na njia ya bara. Mama akiwa amechoka hapo, safari ya pwani imekwisha. Na neno la kukata shauri hilo si la mwenye kushika usukani, bali la mkewe, kwa kuwa dereva mwenye hamu ya kufika si hakimu mwema wa uchovu wa abiria.

Mkulima hujenga ghala mvua ingalipo, na karani hufunga hesabu kabla ya mkaguzi kubisha mlango. Msafiri wa jangwani naye ni vivyo hivyo. Mpango mwema hauondoi hatari, lakini huonyesha ni hatari ipi aweza kuichukua na ipi haina ruhusa ya kuingia garini. Pia humkumbusha kwamba kurudi nyuma kulikokubaliwa mapema si kushindwa. Wahenga walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Mwenye mzee nyumbani na asafiri kwa mwendo wa mzee, na asione haya kuifanya safari ya siku tatu kuwa ya siku tano.