Ndizi za chokoleti, na ile korosho ya juu (sehemu ya 14)

Nimetoka shifti ya usiku, nimelala saa tatu, nimeamka na simu imejaa ujumbe. Wiki iliyopita niliweka picha ya ndizi nilizochovya kwenye chokoleti nikasema nitaelekeza. Leo naelekeza. Ila nina jambo la kukiri humohumo ndani, kwa hiyo usisome mapishi halafu ukakimbia.

Yalianza na binti yangu. Aliona kwenye simu watoto wa Ulaya wanachovya yale matunda mekundu, stroberi, kwenye chokoleti. Akaniuliza, "Mama, na sisi?" Stroberi hapa Masasi utazitoa wapi? Nikamwambia sisi tuna ndizi, nanasi, maembe, na msimu huu tuna mabibo mpaka yanaozea chini ya mikorosho. Na kakao nayo ni ya kwetu, inalimwa Kyela kule Mbeya. Huwa najiuliza: wenzetu wa Kyela wanauza kakao ikiwa mbegu, sisi tunauza korosho ghafi zinapanda meli kwenda India na Vietnam, halafu mtoto wetu akitaka kipande cha chokoleti chenye korosho tunamnunulia kilichotoka ng'ambo. Haya, hilo si la leo.

Tunda zuri la kuanzia ni ndizi kisukari iliyoiva lakini haijalegea. Menya, kata katikati, chomeka kijiti cha mishikaki upande mmoja. Ile ncha kali ya kijiti ikate kwa mkasi kabla hujachomeka, na mtoto ale akiwa amekaa. Mtoto anayekimbia na kijiti mdomoni akianguka tutaonana dirisha la mapokezi, na sitaki tuonane huko. Zipange kwenye sahani zisigusane, ziweke kwenye friza saa tatu hivi mpaka ziwe ngumu. Huna friza? Ongea na jirani anayeuza barafu, mpe ndizi mbili za shukrani.

Chokoleti ukipata ya kununua, gramu 100 zinatosha vipande sita hivi ukichovya kwa adabu. Usiiweke moja kwa moja motoni, itaungua upesi. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, weka bakuli juu yake lisiguse maji, vunjavunja chokoleti humo ndani, ukoroge taratibu kwa mvuke ule. Na hapa ndipo wengi mnaharibu: tone moja la maji likiingia, chokoleti inashikana na kuwa mabonge kama ugali uliokosa mpishi. Bakuli liwe kavu, kijiko kikavu, tunda lipanguswe na kitambaa safi. Nanasi lina maji mengi, lipanguse mara mbili. Ikishashikana usimwage, mimina maziwa ya moto ukoroge, watoto watakunywa.

Usipopata chokoleti, au bei yake ikikutisha, fanya ninavyofanya mimi. Nusu kikombe cha mafuta safi ya nazi, nusu kikombe cha unga wa kakao, vijiko vinne vya chakula vya sukari uliyoisaga mpaka ikawa unga. Yeyusha mafuta kwa mvuke, koroga kakao na sukari mpaka ing'ae. Mafuta ya nazi ya kupika nyumbani yanafaa, mradi yawe yamekauka maji kabisa. Toa ndizi kwenye friza, ichovye mara moja, iinue, hesabu mpaka kumi. Inaganda mbele ya macho yako. Watoto hapo watapiga makofi, na wewe pia utapiga hata kama una miaka thelathini na kitu.

Sasa, hali ya hewa. Mafuta ya nazi yanaanza kuyeyuka kwenye nyuzijoto kama 24 tu. Hapa Masasi mwezi wa kumi na moja, jua likishapiga haya mawe yetu, nyuzi 24 utazisikia alfajiri. Kwa hiyo ndizi ikitoka kwenye friza inaliwa palepale, hakuna kupanga mezani kusubiri wageni. Nyumbani kwetu Newala, kule juu, mwezi wa sita na wa saba ukungu ukipanda kutoka bonde la Ruvuma, chokoleti inaganda yenyewe juu ya meza na unavaa sweta ukiitazama. Desemba hata Newala usijidanganye.

Mabibo nayo yanawezekana, ila yana kazi. Unajua lile linalokereketa koo? Chemsha vipande dakika 15 kwenye maji ya chumvi, kama vijiko vitatu au vinne vya chai kwa lita moja, mwaga maji, suuza, kisha vipike kwenye sukari kidogo, uvianike juani ukiwa umefunika na chandarua kwa ajili ya nzi. Vikikauka nusu, chovya. Mama yangu alipoona nimekusanya ndoo nzima alidhani mwanawe nesi ameanza kupika pombe. Alipoonja alinyamaza akachukua cha pili. Nguo ya mtoto iwe mbaya siku hiyo, doa la bibo halitoki hata ufue kwa maombi.

Basi, nakuja kwenye kukiri.

Mwaka juzi Desemba tulikuwa Newala kwa mama, familia nzima. Hela za korosho zilikuwa zimeingia, si unajua msimu ukiwa mzuri kila nyumba ina soda. Nikawaambia watoto leo tunatengeneza ndizi za chokoleti. Zikatoka nzuri. Lakini nilitaka kupiga picha, na picha nilizoziona kwenye simu zilikuwa na vitu vizuri juu yake. Mama alikuwa na korosho zilizobanguliwa, nyeupe, zimekaangwa kidogo. Nikabandika nusunusu za korosho juu ya kila ndizi, zikapendeza. Nikapiga picha nane.

Mimi ndiye nesi. Kliniki ya mama na mtoto nawaambia akina mama kila wiki: karanga nzima, korosho nzima, bisi, pipi ngumu, si chakula cha mtoto chini ya miaka mitano. Nalisema mpaka nimelichoka. Siku hiyo nililisahau kwa sababu ya picha.

Mtoto wa mdogo wangu alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Anakula anacheka, binamu zake wanamchekesha. Mara kicheko kikakatika. Wengi hamjui kwamba mtoto aliyekabwa kweli hapigi kelele. Hakohoi, halii. Mdomo uko wazi, macho yametoka, sauti hakuna. Anayekohoa kwa nguvu amepaliwa, huyo bado hewa inapita, mwache akohoe, mwambie kohoa baba, kohoa, usimpige mgongoni na usiondoke karibu yake. Anayenyamaza ndiye wa kukimbilia.

Mama akasema, "Mpeni maji!" Mdogo wangu akataka kumtia kidole mdomoni. Nikasema hapana kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea mama yangu. Maji hayana pa kupita. Na kidole unachoingiza bila kuona kinaisukuma korosho ndani zaidi. Unatoa kwa kidole kile tu unachokiona wazi mbele. Nikapiga goti, nikamlaza kifudifudi juu ya paja langu, kichwa chini kuliko kifua, nikampiga katikati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja. Moja. Mbili. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Tatu. La nne, nusu ya korosho yenye chokoleti ikaanguka kwenye mkeka.

Akalia. Sijawahi kukipenda kilio kama kile.

Nilienda nyuma ya nyumba nikatapika. Kazini nimeshika watoto wengi mikono haitetemeki, lakini siku ile ilitetemeka mpaka jioni. Mdogo wangu hakuniambia neno lolote baya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Usiku mtoto alikuwa bado ana kikohozi kidogo, kwa hiyo asubuhi tukampeleka hospitali wakamsikiliza kifua. Kilikuwa safi. Ninyi pia msiseme "imeshatoka, basi." Kipande kidogo kinaweza kuwa kimeteleza kwenye mapafu, na mtoto akabaki na kikohozi kisichoisha au kifua kinachopiga filimbi, mkamnywesha dawa za kikohozi wiki tatu kumbe ni kipande cha korosho. Ukiona hivyo mwambie daktari siku ile alikabwa na nini.

Nawaandikia vizuri sasa, na nakuomba umsomee na dada wa kazi na bibi anayebaki na mtoto. Mtoto chini ya mwaka mmoja: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, shika taya, kichwa kiwe chini, piga katikati ya mabega mara 5. Haijatoka? Mgeuze uso juu, bonyeza katikati ya kifua mara 5. Rudia mgongo, rudia kifua. Tumbo la mtoto wa umri huo usilibonyeze. Aliyezidi mwaka: mgongo mara 5 akiwa ameinama, haijatoka, kaa nyuma yake, kunja ngumi iweke juu ya kitovu chini ya mbavu, ishike kwa mkono wa pili, vuta kuja kwako na kupanda juu mara 5. Badilisha mgongo na tumbo mpaka itoke. Aliyebonyezwa tumbo lazima aonwe hospitali hata kama anacheka. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze pagumu, piga kelele watu walete usafiri, anza kubonyeza kifua na kumpulizia pumzi, na msiache njiani. Hiyo nitaipa sehemu yake, tutafanya kwa mdoli.

Je, korosho tuache? Kwetu sisi, jamani! Zitwange kwenye kinu mpaka ziwe unga, kama unavyotwanga karanga za mboga, halafu nyunyizia juu ya chokoleti kabla haijaganda. Ladha ni ileile, nadhani ni nzuri zaidi kwa sababu inashika kila mahali. Mara ya kwanza ya mtoto kula korosho mpe kidogo sana nyumbani umtazame, maana wapo ambao miili yao inazikataa: midomo inavimba, mwili unatoka vipele, pumzi inabana, na hapo ni hospitali mbio. Ndizi ya mtoto mdogo iache ilainike dakika chache, uikate kwa urefu, umpe bila kijiti. Zabibu zikate vipande vinne kwa urefu. Aliye chini ya miaka miwili mpe tunda tupu, chokoleti na sukari havimhusu, na wala hajui anachokosa.

Zile picha nane bado ninazo. Sijaziweka popote. Picha mliyoiona wiki iliyopita ni ya unga wa korosho, ndiyo maana baadhi yenu mliuliza "mbona kama ina mchanga juu?"

Mwanangu yule sasa amefikisha miaka minne, mwezi wa tisa tulikuwa huko. Anajua kubangua mdomo kuliko wote. Kaja jikoni, kaangalia kinu, kanitazama, kasema, "Mama mkubwa, mimi mkubwa, nipe nzima." Nikamwambia bado mwaka mmoja. Akaenda kumshtaki kwa bibi yake. Bibi akamwambia, "Kale unga huo."