Miombo ya Rumonge, Kiangazi na Masika

Ukitoka Bujumbura kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wako wa kulia, baada ya kilomita 70 na kidogo wafika Rumonge, mji wa mawese na wa Kiswahili. Wageni hulitazama ziwa tu, nao wana haki, maana kina chake hufika mita 1,470. Lakini nyuma yao, vilimani, iko hifadhi ya miombo.

Mwezi wa Julai huikuta kavu, majani yamepukutika, nyasi zangoja cheche moja. Septemba, hata kabla ya mvua kushika, miti huchipua majani mekundu kama shaba. Asiyeijua hudhani yaungua. Kisha kijani hadi Mei.

Kusini zaidi, karibu na maji, msitu wa Kigwena hauvui nguo mwaka mzima. Ni kipande tu kilichosalia, kimezingirwa na mashamba na michikichi. Simlaumu mkulima, kwani mawese hulisha watoto wake. Lakini mchikichi huzaa baada ya miaka michache. Mti mkubwa wa Kigwena ukikatwa, aliyeukata hatauona mwingine kama huo.

Askari aliye likizoni awapeleke watoto Septemba, asubuhi mapema.